Fedha za utafiti wa Parkinson: kwa nini mama bado anameza dawa ya miaka ya 1960?

Mlezi wa Mwalimu (mleta uzi)

Wadau, uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Mama yangu alifundisha darasa la kwanza karibu maisha yake yote ya kazi. Sisi wanawe tulijifunza kuandika kwa kufuatisha mwandiko wake: herufi nono, zenye tumbo, zilizokaa kwenye mstari kama zimekatazwa kusogea. Miaka saba iliyopita zikaanza kusinyaa. Anaanza sentensi vizuri, akifika katikati maneno yamekuwa punje za mchanga, mwishoni umebaki mkwaruzo tu. Tukadhani ni macho, tukamtafutia miwani. Mkono ulianza kutetemeka baadaye sana. Tulipofika kwa daktari wa mishipa ya fahamu, aliomba aone daftari lake la zamani na la siku zile. Akayafungua sambamba mezani, akayatazama kimya, hakuuliza mengi tena.

Ni Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaokwamisha mijongeo. Leo mama anaishi kwa kufuata saa ya kidonge. Dawa ikimshika, anatembea, anafunga vifungo vya blauzi mwenyewe, anabishana na kila mtu. Ikimwachia kabla ya kidonge kinachofuata, anaganda mlangoni, nyayo zimeng'ang'ania sakafu, ananitazama tu. Nimejifunza kutomvuta. Namhesabia moja, mbili, tatu, naye kwenye tatu anainua mguu.

Dawa yenyewe ni levodopa. Nikaanza kuisoma historia yake. Mwaka 1957 Msweden Arvid Carlsson alionyesha kwamba wanyama waliolegezwa na dawa nyingine wanaamka wakipewa levodopa. Mwaka 1960 huko Vienna, Herbert Ehringer na Oleh Hornykiewicz walipima ubongo wa watu waliokufa wakiwa na Parkinson, wakakuta dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea, imepungua mno. Mwaka uliofuata Hornykiewicz na Walther Birkmayer wakawachoma wagonjwa sindano za levodopa, na watu waliokuwa hawawezi kuinuka wakainuka. Mwaka 1967 George Cotzias wa Marekani akaonyesha kwamba ukianza na kipimo kidogo cha kumeza na kukipandisha polepole, nafuu inadumu. Mwaka 1970 Marekani ikaiidhinisha rasmi.

Dawa ile ile ndiyo iliyo kwenye kikasha cha mama asubuhi ya leo. Vimeongezwa vidonge vya kuisaidia idumu mwilini. Zimekuja nyaya za umeme zinazopandikizwa ubongoni, kazi aliyoianzisha Alim-Louis Benabid huko Grenoble, Ufaransa, mwaka 1987. Vyote vinapunguza dalili, na namshukuru kila aliyevitengeneza. Lakini hakuna hata kimoja kilichothibitishwa kuzuia seli za ubongo zisiendelee kufa. Mkono unapoanza kutetemeka, seli nyingi zinazotengeneza dopamini zimeshakwenda.

Swali langu: fedha za utafiti zinakwenda wapi, na nani anaamua kipi kitafitiwe na kipi kiachwe? Msimamo wangu nautoa mapema. Sayansi hii ni ngumu, sikatai. Ila naona fedha zinafuata hataza, yaani haki ya kisheria ya kuuza dawa peke yako, na maswali yasiyo na mwenye hataza yanabaki yatima.

---

Mdadisi

Pole sana, na hongera kwa kumlea mama.

Hapo kwenye hataza ndipo nashindwa kukuelewa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu zaidi ya milioni 8.5 walikuwa wanaishi na Parkinson, na idadi imeongezeka maradufu ndani ya miaka 25. Hilo ni soko kubwa. Kampuni inayotafuta faida ingekuwa ya kwanza kukimbilia dawa ya kuuzuia ugonjwa. Kwa nini ikimbie?

---

Mtu wa Maabara

Mdadisi, swali lako ndilo tunaloulizana kazini kila mwaka wa bajeti. Nafanya kazi kwenye maabara ya magonjwa ya ubongo, kwenye ngazi ya chini ambako vipande vya ubongo vinakatwa na kupakwa rangi, na kila mradi niliowahi kuushika ulikuwa na tarehe ya fedha kuisha.

Ukijaribu dawa ya presha, unamfunga mtu kipimo mkononi, na baada ya wiki chache unajua. Parkinson haina namba ya namna hiyo. Daktari anamwambia mgonjwa agonganishe kidole gumba na cha shahada mara kumi, haraka na kwa upana, anamtazama, anaandika alama kati ya 0 na 4. Anamwambia akunje mikono kifuani ainuke kitini, anaandika tena 0 hadi 4. Mwisho anajumlisha. Alama hizo zinabadilika kwa kutegemea usingizi wa jana, wasiwasi, na dawa imeshika au imeachia. Ugonjwa wenyewe unakwenda polepole, mwaka mzima alama zinasogea kidogo.

Juu ya hayo kuna plasebo, yaani kidonge kisicho na dawa ndani. Mwaka 2001 watafiti wa Vancouver, Kanada, walionyesha kwa picha za ubongo kwamba mgonjwa wa Parkinson akipewa kitu kisicho na dawa huku anaamini kwamba ni dawa, ubongo wake unamwaga dopamini ya kweli. Mgonjwa hajidanganyi hapo, mwili umeitikia matumaini. Sasa mtenganishie mtu dawa na matumaini kwa kipimo cha 0 hadi 4.

Kwa hiyo ili ujue kama dawa inapunguza kasi ya ugonjwa, unahitaji mamia ya watu, mwaka mmoja na nusu au miwili, madaktari waliofundishwa kupima kwa namna moja, na bado unaweza kutoka bila jibu. Hapo ndipo wenye mitaji wanapofunga daftari. Januari 2018 Pfizer ilitangaza kwamba inaacha utafiti wa kugundua dawa mpya za Alzheimer na Parkinson. Baadaye mwaka huo huo baadhi ya dawa zake za ubongo zilihamishiwa kampuni mpya, Cerevel, na kwa upande wa Parkinson iliyofika mbali kule ni ya kupunguza dalili. Dalili zinapimika ndani ya miezi. Kampuni inakwenda inakoweza kupima.

Wanyama nao wana lao. Mwaka 1982 huko California, vijana waliojidunga heroini bandia waliganda ghafla, kama watu waliougua Parkinson kwa miaka ishirini. Daktari William Langston akafuatilia hadi kwenye kemikali iitwayo MPTP iliyojitokeza wakati wa kuitengeneza ile heroini. Tangu hapo tukawa na njia ya kumpa mnyama dalili zile na kujaribu dawa. Lakini kwa mnyama yule seli zinakufa kwa siku chache. Kwa mama yako zilikufa kwa miaka. Dawa zinazookoa panya zimekuja kwa binadamu zikaanguka moja baada ya nyingine.

---

Mlezi wa Mwalimu

Mtu wa Maabara, ahsante. Umenifikisha pale nilipotaka. Tatizo likiwa ni kupima, basi anayetafuta kipimo ndiye anayetufungulia mlango, na kipimo hakimpi kampuni moja faida peke yake, kwani washindani wake wote watakitumia. Nani alipe?

Michael J. Fox, yule mwigizaji, aliambiwa ana Parkinson mwaka 1991 akiwa na miaka 29. Akakaa kimya hadi 1998, na mwaka 2000 akaanzisha taasisi yake. Mpaka sasa imetoa zaidi ya dola bilioni 2 kwa utafiti. Mwaka 2010 ilianzisha mradi wa kuwafuatilia watu mwaka hadi mwaka, wagonjwa, wasio wagonjwa, na walio kwenye hatari: picha za ubongo, damu, maji ya uti wa mgongo, na takwimu zote zinafunguliwa kwa mtafiti yeyote anayeziomba. Miaka mingi hakukuwa na dawa yoyote ya kuonyesha. Ni watu tu waliokubali kuinama na kuchomwa sindano mgongoni ili maji yao yawekwe kwenye friji, wakisubiri swali ambalo lilikuwa bado halijaulizwa.

Mwaka 2023 likatoka jibu. Kwa maji yale yale, ya watu 1,123, watafiti walionyesha kwamba protini iitwayo alfa-sinukleini iliyojikunja vibaya inaweza kuonekana kwa kipimo cha maabara. Kwa waliokuwa na Parkinson kilikamata karibu 88 kati ya kila 100, na baadhi ya waliokuwa bado hawajaanza kutetemeka nao walionekana. Kuanzia 2010 hadi 2023 ni miaka 13. Ni kampuni gani ingekubali kulipa miaka yote hiyo halafu imgawie mshindani wake matokeo bure? Iliwezekana kwa sababu mlipaji alikuwa mgonjwa na watu wanaompenda.

Kipimo chenyewe bado kina kasoro kubwa. Kinasema ipo au haipo, hakisemi imepungua. Cha kusema imepungua kinatafutwa, na mimi ningeambiwa nichague pa kuweka fedha, ningeziweka hapo kabla ya dawa yoyote.

---

Mshiriki

Nimesoma hapo kwenye plasebo nikalazimika kujisajili ili nijibu.

Mimi mwenyewe ninao, mwaka wa tisa sasa. Niliingia kwenye jaribio moja la dawa. Kila baada ya miezi mitatu nilikuwa naacha vidonge vyangu vya kawaida kuanzia usiku ili asubuhi wanipime nikiwa sina dawa mwilini. Mke wangu ndiye aliyekuwa ananivalisha siku hizo. Safari ya gari mwili ukiwa umekauka vile sina namna ya kuwaelezea. Kisha kugonganisha vidole, kutembea kwenye ukumbi mrefu mtu akiwa nyuma yako anakuvuta mabega ghafla aone kama utaanguka.

Jaribio liliisha. Niliambiwa dawa haikufanya kazi kwa barua ya nusu ukurasa, nikiwa nimeshasikia habari hiyo kwenye redio. Kama nilikuwa nameza dawa au plasebo niliambiwa mwaka mmoja baadaye, tena baada ya kuuliza mara tatu.

Ningekubali tena kesho. Ila wanaotoa fedha wanisikie: mkipanga bajeti ya jaribio, tengeni fungu la kuturudia sisi na majibu. Mtu aliyewapa miezi 18 ya mwili wake hastahili kusikia matokeo redioni.

---

Mdadisi

Mshiriki, pole na ahsante. Sikuwahi kulifikiria hilo la kuacha dawa usiku.

Lakini ushuhuda wako ndio unaonipa swali gumu zaidi. Eksenatidi, dawa ya kisukari: mwaka 2017 jaribio la watu 62 London likatoa matumaini, magazeti yakashangilia. Likafuata kubwa, watu 194, wiki 96, na majibu ya mwaka 2025 yakasema hakuna tofauti na plasebo. Isradipini ya presha, watu 336, hakuna. Inosini, watu 298, likasimamishwa kabla ya wakati. Hizo nyingine ni fedha za kodi, nyingine za michango ya watu waliokimbia mbio za hisani. Mpaka lini?

---

Mtu wa Maabara

Nakuelewa, na sitakuambia eti hakuna kilichopotea. Kila jaribio lililoanguka kuna watu walilibeba kwa tumaini.

Ila nikupe mfano mmoja. Mwaka 1987 huko Lund, Sweden, walianza kupandikiza seli changa zenye kutengeneza dopamini, zilizotoka kwenye mimba zilizotolewa, ndani ya ubongo wa wagonjwa. Wachache walipata nafuu ya miaka. Kisha Marekani wakafanya jaribio lenye kundi la kulinganishia, matokeo ya 2001 yakakatisha tamaa, na baadhi ya wagonjwa wakapata mijongeo isiyozuilika. Fedha zikakauka, watu wakaandika kwamba njia imefungwa.

Mwaka 2008 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi wa ubongo wa baadhi ya wagonjwa waliopandikizwa seli za namna hiyo, waliofariki baada ya miaka zaidi ya kumi. Seli zilizopandikizwa zilikuwa hai, lakini ndani ya baadhi yake mlikuwa na vile vibonge vya protini ambavyo daktari Friedrich Lewy alivieleza kwenye ubongo wa wagonjwa wa Parkinson mwaka 1912. Seli zilitoka kwa mimba isiyo na Parkinson, na sasa zina alama ya Parkinson. Zimeipata wapi? Uchunguzi ule ndio ulioipa nguvu hoja kwamba protini mbaya, ile alfa-sinukleini, inahama kutoka seli hadi seli, na kingamwili zinazojaribiwa leo kuikamata njiani zimejengwa juu ya hoja hiyo. Yote hayo yametoka kwenye kazi iliyohesabiwa kuwa imeshindwa, kwa sababu familia zilikubali kutoa ubongo wa marehemu, na kwa sababu kuna aliyelipia kutunza kumbukumbu miaka yote.

Upandikizaji wenyewe umerudi. Aprili 2025 zilitoka ripoti mbili kwa pamoja: Kyoto, Japani, wagonjwa 7 waliowekewa seli zilizotengenezwa kutokana na seli za kawaida za mtu mzima zilizorudishwa kuwa seli shina, yaani seli zinazoweza kugeuzwa kuwa za aina nyingine, na Marekani na Kanada wagonjwa 12 kwa seli shina za kiinitete. Lengo la kwanza lilikuwa usalama, na hakukuwa na kundi la kulinganishia, kwa hiyo msikimbilie kusema tiba imepatikana. Yasingekuwepo ya Lund, haya nayo yasingekuwepo.

Ninalolilaumu mimi ni jinsi majaribio yanavyojengwa. Kila dawa inajengewa nyumba yake kutoka msingi: kibali kipya, hospitali mpya, kundi jipya la plasebo. Dawa ikianguka, nyumba nzima inabomolewa. Kwenye saratani baadhi waliacha mtindo huo zamani, wanajaribu dawa kadhaa ndani ya jaribio moja, kundi la kulinganishia ni moja kwa zote, inayoshindwa inatolewa na nyingine inaingia. Kwa Parkinson Uingereza wameanza sasa, jaribio linaitwa ACT-PD, wagonjwa 1,600. Wameanza na telmisartani na terazosini, dawa za zamani za presha zisizo na mwenye hataza. Ningekuwa na sauti, fedha za umma zingekwenda kwenye kujenga nyumba kama hizo.

---

Mfamasia Mzee

Nimeuza dawa miaka 31, naomba nichangie kwenye hizo za zamani.

Wengi hamjui kwamba levodopa ipo kwenye mmea mnaoujua. Upupu, ule ule unaowasha. Mbegu zake zina levodopa nyingi. Mkemia Markus Guggenheim aliitenga levodopa kwenye maharage mapana mwaka 1913, akameza gramu 2.5 yeye mwenyewe, akatapika. Ilikaa kabatini karibu miaka hamsini kabla mtu hajaelewa inafaa nini.

Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya jaribio lililofanyika Bolivia, wagonjwa 18, wakilinganisha unga wa mbegu za upupu zilizokaangwa na levodopa ya kidonge, kwa dozi moja moja. Unga ulifanya kazi. Dozi moja moja tu, wagonjwa 18. Mmea hauna mwenye hataza, hivyo hakuna kampuni itakayolipa kujua kipimo salama cha mwaka mzima. Mleta uzi, yatima wako mmoja ndiye huyo.

Mwingine ni ambroksoli. Dawa ya kikohozi, ya kulainisha makohozi, nimeiuza mimi hadi basi. Inaonekana inakipa nguvu kimeng'enya kinachosafisha taka ndani ya seli, kile kinachotokana na jeni ya GBA1, na kasoro kwenye jeni hiyo ni moja ya sababu za kurithi zinazowapata wagonjwa wengi zaidi. Anthony Schapira wa London na wenzake waliwapa wagonjwa 17, wakaonyesha mwaka 2020 kwamba dawa inafika ubongoni. Jaribio la awamu ya 3, ile kubwa ya kupima kama dawa inafaa kweli, lilikuja kuanza mwaka 2025, wagonjwa 330, na mstari wa mbele kwenye kulichangia walikuwa watu wa hisani, Cure Parkinson's. Shirika hilo na taasisi ya Van Andel ya Marekani, tangu 2012, wanawakalisha wanasayansi mezani kila mwaka wapitie dawa zilizopo tayari za magonjwa mengine na kuchagua za kujaribu. Hisani ndiyo inayopekua kabati la dawa za zamani.

---

Kijukuu

Shikamoo Mzee. Babu yangu anaugua. Hizo mbegu za upupu zinasagwaje? Tunampa kijiko kimoja kwa siku?

---

Mfamasia Mzee

Marahaba mjukuu wangu. Usimpe.

Mbegu ya mmea mmoja haina nguvu sawa na ya mwingine. Leo kijiko kitakuwa kidogo, kesho kitamwangusha presha, kitamtapisha, kitamwonyesha watu wasiokuwepo chumbani. Akiwa anameza na vidonge vya daktari ndiyo anapewa mara mbili. Wale wa Bolivia walipima kila gramu na daktari amekaa pembeni. Babu akiwa hapati nafuu, andika saa anazomeza dawa na saa anazoganda, siku saba mfululizo, umpelekee daktari karatasi hiyo. Mara nyingi kinachohitajika ni kusogeza saa, au kutomeza kidonge pamoja na mlo wenye protini nyingi.

---

Kijukuu

Nimekuelewa babu, nitaandika kuanzia leo.

Ila wakubwa, mimi naona mnazungumzia dawa ya kesho wakati kuna watu hata hii ya 1970 hawaipati. Babu yangu kuna miezi anakosa. Ipo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na bado anaikosa. Fedha zote hizo si zingeanza hapo?

---

Mlezi wa Mwalimu

Kijukuu, umenigusa, na sitaki nikujibu haraka haraka. Mwezi ambao babu anakosa dawa, uzi wangu wote hauna maana kwake. Uko sahihi kabisa kwamba kuna aibu hapo.

Lakini mafungu hayo mawili hayatoki mfuko mmoja, na likifutwa moja lingine haliongezeki. Kuna mahali yanakutana pia. Miaka mingi jeni za Parkinson zilitafutwa karibu zote kwa watu wenye asili ya Ulaya. Mwaka 2023 mradi wa kimataifa unaoitwa GP2, unaofadhiliwa na mpango wa ASAP ambao fedha zake nyingi zimetoka kwa Sergey Brin wa Google, ulitoa matokeo ya watu wenye asili ya Afrika, wakiwemo wagonjwa kutoka Nijeria. Walikuwa karibu watu 198,000 kwa jumla, wagonjwa 1,488. Wakakuta badiliko kwenye GBA1, ile ile jeni ya Mzee hapo juu, linaloongeza hatari na ambalo kwa watu wa asili ya Ulaya karibu halipo kabisa. Lilikuwa halijawahi kuonekana kwa sababu damu yetu ilikuwa haijatafutwa. Dawa ya kikohozi ikifaulu kule Uingereza, tutataka kujua kama inafaa kwa badiliko hili pia, na aliyebaki nje ya takwimu atabaki nje ya dawa.

Kuna na jingine. Bibi mmoja wa Scotland, Joy Milne, muuguzi mstaafu, alisema harufu ya mumewe ilibadilika miaka mingi kabla hajaambiwa ana Parkinson. Mwaka 2012 aliinuka kwenye mhadhara wa mwanasayansi Tilo Kunath huko Edinburgh akauliza kwa nini harufu haitumiki kupima ugonjwa huu. Baadaye wakampa fulana 12 anuse, 6 zimevaliwa na wagonjwa, 6 na wasio wagonjwa. Akazitaja zote 6 za wagonjwa, akaongeza moja ya mtu mzima wa afya. Walidhani kakosea hapo. Miezi michache baadaye mtu yule akagunduliwa kuwa na Parkinson. Leo watafiti wa Manchester, akiwemo Perdita Barran, wanatafuta harufu hiyo kwenye mafuta ya ngozi yanayofutwa mgongoni kwa pamba, bila sindano ya mgongo. Hatua za mwanzo zililipiwa na michango kupitia Parkinson's UK. Naona pua ya mke na fulana kumi na mbili zimetupeleka mbali kuliko miradi mingi mikubwa, na fungu dogo la kujaribu mambo ya namna hiyo ndilo linalokatwa kwanza bajeti ikibana.

---

Mtu wa Maabara

Nakazia hapo. Ruzuku kubwa inataka uonyeshe matokeo ya awali kabla hujaipata. Matokeo ya awali yanataka fedha. Anayelipia ile hatua ya kwanza kabisa ndiye mtu adimu kuliko wote.

---

Mshiriki

Mleta uzi, mama yako ameshaulizwa kama anataka kushiriki utafiti wowote? Si lazima wa dawa. Hizo za vinasaba wanachukua damu au mate, basi. Mimi sikuulizwa mpaka mwaka wa tano, na ningependa ningeulizwa siku ya kwanza.

---

Mlezi wa Mwalimu

Mshiriki, nimesoma ujumbe wako kwa sauti mama akiwa amekaa hapa. Nimemsomea uzi wote, alitaka kila jina la mwanasayansi nilirudie mara mbili. Ya kwako ya barua ya nusu ukurasa imemuudhi, amesema mwandishi wake arudi darasani.

Kuna utafiti wa vinasaba daktari wake aliwahi kuutaja mwaka jana na mimi nikaupita, nikaona ni usumbufu kwake. Sikumuuliza mwenyewe. Leo nimemuuliza. Fomu zina kurasa sita na kila ukurasa unataka sahihi, na nilipojitolea kumwekea alama ya dole gumba alinikatalia.

Tulingoja dakika arobaini dawa imshike. Akaandika jina lake mara sita. Kwenye ukurasa wa mwisho herufi zilishakuwa ndogo sana, ila zote zipo, na zinasomeka.

Fomu naipeleka Jumatatu. Nitarudi hapa nikipata jibu.